Robine ya Chumba ya Heshima

Mi njo nilikosa. Si vita, si uchawi, si mvua. Mimi! Jina langu muniachie tu, kwa sababu muntu nilimukosea angali hai, na hajue.

Niko na nyumba ya wageni hapa Walikale. Chumba moja njo ya heshima: kitanda kubwa, neti mupya, duche yake yenyewe ya kuogea. Nilikuwa naifunga na ufunguo. Mugeni wa kawaida haingiemo! Miezi na miezi hakuna aliyefungua ile robine ya maji.

Plombie wetu, fundi wa maji, aliniambia: «Mama, maji ikilala mu tuyo zenye zinaileta na mu tanki yenye jua inapasha, inazaa mikrobe, vidudu vya ugonjwa. Muntu akioga anavuta ule mvuke, unaingia mu mapafu. Fungua robine kila juma, itiririke. Osha tanki. Kichwa ya duche, uiloweke mu javeli, dawa ya kuua mikrobe.»

Nikamucheka. «Papa, maji tunapandisha kwa taabu, nikamwage bure?» Kichwa ngumu yangu, jamani!

Kisha yaya wangu, dada yangu mukubwa, akafika toka Butembo. Yeye njo alinilea tangu mama afe. Nikafungua chumba ya heshima: «Ingia, malkia!» Maji ya kwanza ilitoka rangi ya chai. Niliiona! Nikangoja kidogo, ikaonekana safi, nikamuacha aoge, asubuhi na jioni.

Siku ya sita, homa. Kikohozi. Akaanza kusema maneno ya ovyo. Kwa hospitali dokta akaniuliza: «Ameoga wapi? Kuna duche yenye ilikaa siku nyingi bila kutumika?»

«Hapana, Dokta. Anaogea mu ndoo.»

Mawee! Niliwaza wageni watanikimbia. Niliwaza nyumba yangu, sikumuwaza yaya.

Siku mbili dawa haikushika. Nakaa, nasimama, nazunguka baraza ya hospitali, narudi. Siku ya tatu nikamusikia anatafuta pumzi kama muntu anapanda mulima, naye amelala tu. Nikakimbia kwa dokta, nikasema yote. Hakunitukana. Akabadilisha dawa saa ile ile.

Alipona, lakini si yule tena. Alikuwa anaimba mu koro ya parokia. Sasa wimbo moja inamushinda kumaliza, anakaa chini katikati ya wimbo, anashika kifua.

Mi siku hizi situlie. Tanki nimeosha mara ngapi, na bado kila asubuhi napita chumba kwa chumba nafungua robine, nasikiliza maji inaenda.

Nyinyi wenye hoteli, wenye shule, nyinyi munarudia nyumba zenye zilifungwa sababu ya vita, mumwage kwanza ile maji ya zamani, kisha muntu aoge! Na dokta akiuliza, museme kweli. Aibu ya siku moja, mutaizoea.

Juzi yaya alinipigia simu, sauti inakatika-katika. «Mudogo wangu, sitasahau vile ulinipokea. Ile chumba ya malkia!»

Nikamujibu: «Asante, yaya.»