Kanisa Linangoja Nishuhudie Muujiza Ambao Haukutokea

Wahariri wa ukurasa huu, jina langu lifungieni kabatini, maana wanawake wa kanisa letu hununua gazeti hili na kulisoma kwa kupokezana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne. Naishi Ruiru na mume wangu na watoto watatu, na nina kibanda Thika ambako nafuma sweta za shule kwa mashine. Nina mimba ya miezi mitano. Naandika nikiwa na hasira, na sitamwomba mtu msamaha kwa hilo.

Hasira yenyewe ilianza na tumbo. Baada ya kitinda mimba wangu tumbo lilikataa kurudi, likaning'inia hata nikishinda njaa. Mwaka ule wa mvua ya El Niño, mtoto huyo akiwa na miaka minne, wanawake wa kikundi chetu cha kanisa walikuja kwangu wakikanyaga matope na kuimba, wamebeba jerikeni la uji, ndizi na shali ya mtoto mchanga. Walikuja kuona mtoto. Mtoto hakuwepo. Aliyewaleta ni dada ya mume wangu, nitamwita Wambui, anayeishi Theta. Alikuwa amelitazama tumbo langu miezi mingi, akajihesabia mwenyewe, akaona lazima niwe nimejifungua. Nilipofungua mlango mikono mitupu, alisema mbele ya wote, "Wee mama, kwani hii yote ni ugali tu?" Wakacheka, kisha wakaketi kwenye viti vyangu wakanywa ule uji wao.

Nilimlilia mume wangu. Akaniambia, "Hata mimi kazini wananiuliza kama ni wa nne."

Basi nikaenda Nairobi kwa daktari wa upasuaji. Alikata ngozi iliyozidi, akakaza misuli, na kovu likabaki kutoka nyonga hii hadi ile. Kabla ya kunikata aliniuliza kama nimemaliza kuzaa, kwa sababu mimba nyingine ingeweza kuiharibu kazi yake. Nilimwambia nimemaliza.

Uongo aliutunga mume wangu. Alikuwa karibu kufanywa mzee wa kanisa, na aliona aibu mke wake kusemwa kwamba amekatwa tumbo kwa ajili ya urembo. "Sema walitoa kizazi," aliniambia nikiwa bado kitandani hospitalini. "Hiyo hakuna mtu atauliza." Kweli, hakuna aliyeuliza. Wambui alirudi na wanawake wale wale na uji ule ule, safari hii wakanililia. Nikawaacha walie. Niliona wamestahili.

Sasa sikieni ujinga wetu. Nilikuwa nachomwa sindano ya kupanga uzazi kila miezi mitatu kwenye kliniki ya hapa Ruiru, na nesi wa pale ni wa kikundi chetu. Mwanamke asiye na kizazi atasemaje amekuja kuchomwa sindano hiyo? Nikaacha kwenda. Nilimwomba mume wangu atumie mpira, akasema mtu wa heshima kama yeye hawezi kuonekana dukani akinunua kitu kama hicho. Nilijiambia nitatafuta kliniki Thika, nikaahirisha, nikaahirisha tena, hadi ikawa nimechelewa.

Daktari wa Thika alinipima akaniambia mtoto yuko salama. "Ngozi itavuta na kovu litauma, lakini kizazi chako hakijawahi kuguswa, mama. Utazaa vizuri, bora usikose kliniki." Ni kweli ngozi inavuta. Siku nyingine nahisi kama nimevaa sweta ya mtoto wa darasa la kwanza. Hilo navumilia.

Nisiloweza kuvumilia ni Wambui. Tumbo lilipoanza kuonekana, nilidhani atanianika. Badala yake alipiga magoti sebuleni kwangu akasema Mungu amenirudishia kizazi. Jumapili iliyofuata alilitangazia kanisa zima, na mume wangu, mzee wa kanisa sasa, alikuwa mbele pale akaitikia amina.

Wambui mwenyewe ana uvimbe kwenye kizazi. Anavuja damu hadi midomo imekuwa myeupe. Hospitali ilikuwa imempa siku ya kupasuliwa. Akararua kadi. "Kama wewe amekurudishia kizazi nzima," aliniambia, "mimi atashindwa kunitolea hii kitu kidogo?"

Nitasema ukweli wote, mnitukane mkitaka. Siku hiyo nilifurahi. Nilikumbuka wale wanawake wakicheka mlangoni kwangu, nikasema moyoni, acha aumie. Nilikaa na furaha hiyo karibu wiki mbili.

Juzi alikuja peke yake na jerikeni la uji, eti ni wa mtoto. Alipumzika mara tatu kati ya lango na mlango. Tulikaa, tukaongea habari za majina, akacheka kidogo. Alipoondoka, kitambaa cha kiti nilichofuma kwa mikono yangu kilikuwa na damu, nyingi, imepenya hadi kwenye godoro la kiti. Hakuwa amejua, au alijua akaona aibu kusema. Nimekifua kwa sabuni na chumvi na damu bado haijatoka.

Jumapili ijayo naitwa mbele kutoa ushuhuda. Wambui ameshona nguo mpya ya siku hiyo, na anasema nikimaliza tu kushuhudia, yeye atapokea uponyaji wake. Mume wangu ameshaniambia, "Ukifungua mdomo kuniaibisha, hii nyumba hutarudi." Nina mimba, nina watoto watatu, na kwetu hawawezi kutupokea wote wanne.

Sitaki mniombee, maombi yamenitosha. Ninyi mnaosoma, niambieni: nikipewa kipaza sauti Jumapili, na yule mwanamke ameketi mstari wa mbele akinitazama, niseme nini?