Mstari Uliolowa

Nafundisha biolojia huku Butembo, darasa la sita la sekondari, na sina uvumilivu na mwanafunzi anayenakili bila kuelewa. Kila mwaka nawagombeza. Kumbe mimi ndiye niliyestahili kugombezwa!

Somo lenyewe ni namna selile, chembe hai ya mwili, inavyonakili ADN yake, yale maandishi ya urithi, kabla ya kugawanyika. Nilifundishwa kule mjini Beni na mwalimu mmoja mzee. Vitabu havikuwapo; tulinakili kaye yake tu, daftari lake la masomo. Nyuzi mbili za ADN zinafunguka kama zipu ya koti, tena mahali pengi kwa wakati mmoja, maana ADN ni ndefu mno. Uzi mmoja unanakiliwa mfululizo, wa pili vipande vipande, kisha vinaunganishwa. Herufi mbaya ikiingia, inaondolewa, inawekwa nyingine. Siku tuliyokimbia vita kaye yangu ililowa mvua, na nilipofika huku nikanakili kilichosomeka. Somo langu likaishia hapo: selile inajirekebisha.

Kila kaye yangu ya kufundishia ilipochakaa, mke wangu ndiye aliyeninakilia mpya, mezani kwetu, mtaa wa Mususa, mwezi wa nane, kabla ya masomo kuanza. Mwandiko wake unapendeza, wangu ni wa kuku. Alikuwa akiuliza maswali kuliko wanafunzi, nami nikimjibu kwa majivuno.

Mwaka jana alisikia uvimbe ndani ya titi lake. Hakuniambia. Alikaa nao tangu tulipopanda mahindi mpaka tukavuna, tukapanda tena. Alipokonda nilimpeleka hospitali. Daktari alisema ni kansa, imeshafika kwenye ini, na kilichobaki ni dawa za kupunguza maumivu. Nilimuuliza, karibu kwa ugomvi, kwani selile hazijirekebishi? Akajibu taratibu kwamba zinarekebisha makosa mengi, lakini mengine yanapita, na yakirundikana ndiyo kansa hiyo. Akashangaa mwalimu wa biolojia kutolijua hilo.

Nyumbani nilifukua kaye ya Beni. Chini ya ukurasa, pale mvua ilipopita, mstari mmoja ulikuwa doa la wino. Miaka yote sikujiuliza ulisema nini. Nikamuuliza mke wangu kwa nini alinyamaza.

“Baba batoto, si ni mimi niliandika? Selile inajirekebishaka. Nilikuwa nangojea irekebishe.”

Nililia mbele yake, mwanaume mzima, naye mgonjwa ndiye aliyenibembeleza. Najichukia mpaka leo.

Mwezi wa nane umefika tena. Aliomba kaye mpya na biki ya kuandikia. Nilimkatalia, akakasirika, nikampa. Kunakili somo kulikokuwa kunamchukua saa moja kulimchukua siku tatu, mto mgongoni. Alipofika mwisho aliinua kichwa.

“Sasa unisomee ule mustari.”

Nikaweka kidole kwenye doa la wino, nikamsomea kwa maneno ya daktari: makosa mengine yanapita, na mwili hauyaoni. Akaandika polepole, akaweka nukta, akaniomba nimlaze.