Bega la Mama Bénédicte

Pélagie aling'olewa jino lililokuwa zima kabisa, na mpaka leo akilitaja jino hilo anakunja uso kama vile ilikuwa jana. Maumivu yake yalianzia begani, upande wa kulia, yakapanda shingoni, yakapita nyuma ya sikio, yakatua tayani na pembeni mwa paji la uso. Kila alipokwenda zahanati ya Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda alikoishi, alisema anaumwa kichwa, kwa sababu kichwa ndicho kilichomzidi. Basi wakampima malaria. Wakampima taifodi. Wakampima presha. Mmoja akasema ni macho, mwingine akasema ni jino, jino likang'olewa, na maumivu yakabaki palepale yakimcheka. Panadol alizomeza mwanamke huyu zingejaza debe. Lakini kumgusa bega? Hakuna aliyemgusa.

Na bega lenyewe lilikuwa na kila sababu ya kulalamika. Pélagie alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, Kongo, ambako mwanamke hubeba mzigo mgongoni huku ukanda ukipita kipajini. Majirani zake wa kambini hubeba kichwani, na walimwambia mara nyingi ajaribu. Hakutaka kusikia. Muhogo, kuni, madumu ya maji, vyote alivivuta kwa shingo yake kama alivyofundishwa utotoni, mpaka mkono wa kulia ukawa hauwezi tena kuanika shuka kwenye kamba.

Angeweza kuvumilia hayo. Kilichomkosesha raha ni Bénédicte, mwanawe wa pekee, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Kwao, mtoto wa kwanza hupokewa na mama wa mzazi: yeye ndiye humwogesha, humfunga mgongoni na kutembea naye wakati mzazi anapumzika. Pélagie alikuwa ameingoja kazi hiyo tangu Bénédicte alipoolewa. Sasa mkono ulioshindwa na shuka mbichi ungemfunga vipi mtoto?

Habari zililetwa na Pulchérie, jirani yake anayesuka nywele kwenye mji mdogo wa Rwekubo. Watafiti wa Mbarara walikuwa wanatafuta watu wenye maumivu ya shingo na mabega, na Pulchérie, ambaye hushinda mikono juu siku nzima, naye alikuwa nayo. Mkalimani wao, Emery, Mkongomani mwenzao, alikuja akawaeleza. Ndani ya msuli, alisema, panaweza kufanyika fundo dogo. Fundo linakaa mahali pamoja na kutuma maumivu mahali pengine. Damu hailionyeshi, picha ya hospitali hailionyeshi, linatafutwa kwa kidole tu. Wengine hulitibu kwa sindano nyembamba isiyo na dawa, wengine kwa kulikandamiza na kuunyoosha msuli, na watafiti walitaka kujua njia ipi inasaidia zaidi. Pélagie alimsikiliza akikaribia kulia. Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza mtu alitaja bega kabla yeye hajafungua mdomo.

Siku ya kwenda akaoga vizuri, akavaa kitenge cha kanisani, yeye na Pulchérie wakaenda hadi jengo moja huko Ruti, mtaa wa Mbarara kwenye barabara ya Kabale. Akalazwa kitandani kifudifudi. Daktari kijana aliyeitwa Nkusi akaanza kupapasa bega, na baada ya muda mfupi kidole chake kikasimama juu ya fundo kana kwamba kilielekezwa nyumba. Akakandamiza. Maumivu yakaruka mpaka tayani, kwenye pengo la lile jino, akaona nyota.

Na Pélagie akafanya nini? Akatulia kama maji ya mtungini. Kwao mwanamke aliyelelewa vizuri hashtuki. Alipomzaa Bénédicte, mama yake alimpa kitambaa kilichokunjwa akiume, naye hakutoa hata mlio, na wanawake wa kisimani wakamsifu muda mrefu. Leo angemkunjia uso daktari, mtu mwenye heshima kama mchungaji? Nkusi akamuuliza kwa Kiswahili chake cha Uganda, "Mama, hapa iko na uma?"

"Kidogo tu, docteur," Pélagie akajibu. "Haina neno."

Akaja daktari wa pili, mwanamke, kwa sababu utaratibu wao ulitaka wawili wapime kila mmoja kivyake na wakubaliane. Naye akalipata fundo. Akauliza kama maumivu yanakwenda mahali pengine, na Pélagie akashukuru kwa adabu, akasema wamefanya kazi nzuri.

Hatimaye Emery akamjia barazani alikoketi akingoja, akiangalia chini. "Mama Bénédicte, banasema hauko mu ile etude, ile utafiti yabo," akamwambia. "Banasikia ile fundo, kama kamba nguvu, mu bega yako. Lakini ni lazima mugonjwa mwenyewe aruke, ao aseme ni hii ndiyo maumivu yangu. Weye haukuruka."

Pulchérie aliruka. Pulchérie alipiga ukelele hadi watu waliokuwa barazani wakasimama, na akaandikishwa hapohapo.

Pélagie akarudi ndani bila kukaribishwa, akasema kwamba iliuma, iliuma sana. Nkusi hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza kwamba mgonjwa akishaambiwa jibu linalotakiwa, jibu lake haliwezi kuhesabiwa tena, utafiti wote utaharibika. Akamshauri aende zahanati ya karibu na kwake, awaombe waangalie bega. Zahanati ya karibu na kwake ndiyo ile iliyong'oa jino.

Alirudi Nakivale amevimba kwa hasira. Alimkasirikia Nkusi, mwenye kidole kilichojua ukweli na masikio yaliyoamini uongo wa adabu. Alimkasirikia Emery, mtoto wa Kivu, anayejua mama zao walivyo na hakusema neno. Alimkasirikia hata marehemu mama yake na kitambaa chake. Na alipomaliza wote akajigeukia mwenyewe, na huko ndiko hasira ilikokaa. Pulchérie alipotibiwa akapona, akaanza kusuka huku anaimba, Pélagie alifurahi kwa ajili yake, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Uchungu wa Bénédicte ulianza asubuhi. Wakafika wodi ya wazazi, na binti akalala kwenye kitanda cha mwisho akiuma kitambaa ambacho Pélagie mwenyewe alikikunja na kukiweka kwenye mfuko. Muuguzi akapita, akautazama uso ule uliotulia, akasema bado sana, kisha akaenda kwa waliokuwa wanapiga kelele. Akapita tena, hakusimama. Bénédicte alikuwa ameushika mkono wa mama yake kwa nguvu za kuvunja mfupa, machozi yanateremka masikioni, sauti hakuna. Pélagie akajiona mwenyewe amelala kifudifudi kule Ruti.

Akakichomoa kile kitambaa.

"Lia, mutoto wangu," akamwambia. "Hapa, fasi hii, kama habakusikie, habakuamini."

Bénédicte alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. Kisha ukaja uchungu mwingine, naye akalia, kilio kilichojaza wodi. Muuguzi akaja amekunja uso, tayari kugomba. Akampima, akamwita mwenzake kwa haraka. Mtoto alizaliwa kabla ya chakula cha mchana, msichana, mzima.

Wakamfunga kwenye kitenge wakamletea bibi. Pélagie akanyoosha mikono, na ule wa kulia ukapanda nusu, ukagoma. Hapo, kwa mara ya kwanza maishani, alimwambia mtu mwenye sare nyeupe maneno yote, kwa sauti kubwa, uso umekunjamana: "Siwezi kumubeba. Hii bega inaniluma mingi. Inapanda mpaka ku kichwa, ni miaka sasa."

"Pole, mama," muuguzi akasema, akiendelea kukusanya vyombo vyake. "Pita pale dirishani, watakupa Panadol."

Pélagie hakwenda dirishani. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akanyoosha miguu, wakamlaza mtoto mapajani pake. Mtoto akaanza kulia kwa nguvu zake zote. Bénédicte, amechoka, akajaribu kumnyamazisha kutoka kitandani.

"Umuache," Pélagie akasema. "Umuache alie."