Vituo vya Salamu vya Matogoro

Siku ya kwanza kazini nilifika na viatu vya kuazima, shati lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe, na maneno ya kujaza lori la mahindi. Ofisi ya misitu hapa Songea ilikuwa inatafuta vibarua wa kukata njia katika msitu wa Matogoro, ile milima inayouangalia mji wetu kwa juu. Tukapangwa mstari. Mnyapara, yaani msimamizi wetu, akapita akishika viganja vyetu kuona nani ana sugu. Changu kilikuwa laini kama andazi. Nilijua narudi kwetu Mshangano kabla chai haijapoa.

"Unatoka wapi?" akaniuliza.

Nikaanza kumweleza. Nikaeleza Mshangano, shamba la baba, mahindi yetu yaliyorefuka hadi kunguru wakichoka kuruka wanapumzikia humo, na ng'ombe wetu aliyejua siku za gulio. Nilipofika kwa shangazi yangu wa Peramiho, akainua mkono.

"Inatosha. Huyu mpeni sururu. Na mdomo wake nitauhitaji."

Kuanzia siku hiyo akaniita Redio, na mpaka leo wapo watu mjini wasiojua jina langu lingine.

Ninyi vijana mnaofanya kazi ya njia sasa mna simu zinazopima mwinuko. Sisi tulikuwa na kamba, vigingi, pimamaji moja iliyopasuka kioo, na mdomo wangu. Sitanii. Kabla ya kuchimba, Mnyapara alinitanguliza kwenye mstari aliouchagua, nikipanda huku nikisimulia kwa sauti. Yeye alinifuata nyuma na nyundo. Pale niliposimama kuvuta pumzi katikati ya sentensi, alipiga kigingi.

"Hapa pamekuwa pakali. Redio imekatika. Tuzungushe."

Njia nyepesi, alitufundisha, ni ile ambayo mtu anaipanda huku anaongea. Mlima haupungui urefu kwa sababu wewe umechoka, kwa hiyo unauzunguka taratibu, kona hii na kona ile, mpaka unajikuta uko juu hujui umefikaje. Ikishachimbwa, lilifuata jaribio la pili. Mnyapara alijaziwa bakuli la togwa hadi ukingoni, akapanda nalo mkononi. Togwa isipomwagika, alikunywa pale juu na kazi ikapita. Ikimwagika hata tone, alitamka neno moja tu: "Bomoa." Hilo neno nimelisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia kengele ya kanisa, na nyumbani kwetu kanisa lilikuwa ng'ambo ya barabara.

Jambo la tatu lilikuwa vituo vya salamu. Njia ya msituni ina upana wa mtu mmoja, na kwetu kijana hampiti mtu mzima akiwa amefumba mdomo. Atasimama, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, mahindi yameota, yule mgonjwa anaendeleaje. Mwenye mzigo wa kuni kichwani naye amesimama nyuma anasubiri zamu yake ya kusalimu. Kwa hiyo kila baada ya kona tulichimba kwa upande wa mlimani nafasi ya kutosha watu watatu, tukaweka jiwe bapa la kukalia au la kutua mzigo. Alikuja bosi mmoja kutoka mbali akasema nafasi hizo ni kupoteza nguvu kazi. Tukakata njia moja bila vituo. Jumapili baada ya misa, wanakwaya waliopanda wakakutana na wazee waliokuwa wanashuka, na kwa jinsi walivyolelewa vizuri wale wanakwaya, kila mmoja akamsalimu kila mzee. Nasikia wa mwisho aliota ndevu akisubiri. Bosi mwenyewe alikuwa katikati ya foleni. Jumatatu akatuletea sururu za ziada.

Nilifanya kazi hiyo mchana, jioni nikasoma masomo ya watu wazima mjini, nikapata cheti changu cha kidato cha nne nikiwa na watoto wakubwa kuliko wanafunzi wenzangu. Nikapandishwa kuwa msaidizi wa Mnyapara. Tukahamishwa pamoja. Tunduru tulikata njia ambayo tembo waliipenda kuliko watu. Mbamba Bay, kule Ziwa Nyasa, tulipitisha njia kati ya miamba ya ufukweni ili watu watembee wakiuona mchanga na mitumbwi bila kulowa. Ni huko jiwe lilipoporomoka likamkuta Mnyapara kwenye goti. Alipona, ila goti halikukunjika tena sawasawa. Akastaafu akarudi Songea, akajenga kibanda mahali ambapo Matogoro inaonekana mlangoni.

Kila nilipomtembelea alikuwa amekaa anautazama mlima. Njia tulizokata ujana wetu zilikuwa zimeshamezwa na msitu, imebaki moja tu ya wakata kuni, iliyonyooka kama ngazi ya kuezekea nyumba.

"Redio," akaniambia siku moja, "nataka niione Songea yote kutoka juu, mara moja, halafu nitulie."

Wanawe walikuwa na nia njema. Wakasema watambeba kwa machela.

"Machela ni ya wagonjwa na maiti," akawajibu. "Mimi ni mnyapara. Nitapanda kwa miguu yangu, au nitaendelea kuuangalia hapa mlangoni."

Nikaondoka pale nimeapa moyoni. Huyu mzee atapanda.

Bahati haikukawia. Akaja Mhifadhi mpya wa misitu, mama kutoka Moshi, anayetembea kwa kasi ya basi lililochelewa. Akaagiza njia nyepesi ya wageni na wenyeji ikatwe Matogoro, na mimi ndiye niliyekuwa mnyapara sasa, na miaka yangu ya kazi ilikuwa ukingoni. Tukaenda vizuri hadi tukafika kwenye mwamba karibu na kilele. Kuuzunguka ni kazi kubwa. Kujenga ngazi ni kazi ya siku chache.

"Baba, mvua zinakuja," Mhifadhi akasema. "Tujenge ngazi tufunge hesabu."

"Mama, ngazi hapana."

"Kwetu watu wanapanda mlima wenye barafu, wewe unaogopa ngazi?"

"Siogopi ngazi. Kuna goti moja haliziwezi."

Nikamweleza habari za Mnyapara, kwa ufupi wangu, yaani jua lilihama mahali. Alinisikiliza akichora ardhini kwa kijiti.

"Mvua ya kwanza ikinyesha hujamaliza, najenga ngazi," akasema. "Na mimi nitachimba na ninyi, maana maneno yako yamenichosha kuliko sururu."

Akachimba kweli. Tulichimba kama watu wanaotafuta maji. Udongo wa mwamba ule ulikuwa mgumu, sururu zilikuwa zinarudi zinalia. Vibarua wakauliza kwa nini tunateseka kwa ajili ya mzee mmoja, nikawajibu kwamba mlima umejaa watu wenye mama zao, na wote wana magoti. Mawingu yakatanda upande wa ziwa, yakakaa, yakatuonea huruma. Tulimaliza kona ya mwisho mikono imevimba, na mvua ikanyesha tukiwa tunafuta majembe.

Jua liliporudi nikamfuata Mnyapara. Alikuwa amevaa koti lake la kazi. Akadai bakuli la togwa lijazwe.

"Mzee, na goti lile?"

"Jaza."

Sasa nilikuwa na shida moja. Goti lilihitaji kupumzika, na yeye alikuwa ametangaza kuwa hapumziki mpaka kilele. Ukimwambia akae, anakasirika anaongeza mwendo. Lakini kusalimiana siyo kupumzika. Hakuna mtu wa Songea atakayekataa kusimama akisalimiwa. Nikawapanga vibarua wangu kule juu, wawe wanashuka mmojammoja, kila mmoja amkute kwenye kituo cha salamu. Akishamsalimu na kupita kona, apande haraka kwa ile njia kali ya wakata kuni, atokee juu yetu tena, ashuke upya.

"Shikamoo, Mnyapara."

"Marahaba, mwanangu." Akatua bakuli juu ya jiwe bapa, akakaa. "Wewe wa kwa nani?"

Likafuata jina la baba, la babu, na ugomvi wa mpaka wa shamba ulioisha zamani. Goti likapoa. Akainuka. Kona iliyofuata, mwingine. Na mwingine. Njia nzima alikuwa anaongea, hakunyamaza hata mara moja, na mimi nyuma yake nilikuwa nahesabu sentensi zake kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo. Karibu na mwamba tukamkuta Mhifadhi mwenyewe, amevaa kofia ya mmoja wa vibarua, akapiga goti kidogo kwa adabu, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Habari za huko juu?"

"Nzuri," akasema, akashindwa kuendelea kwa kukosa pumzi.

Tukazunguka mwamba polepole. Tukatoka kwenye miti. Songea yote ilikuwa chini yetu, mabati yanawaka, minara ya makanisa, mashamba ya Mshangano, barabara ya Mbinga inapotea kuelekea kule lilipo ziwa. Mimi nawaambia niliona hadi chumvi ya Bahari ya Hindi, mkikataa shauri yenu. Mnyapara alisimama muda mrefu.

Halafu akanywa togwa yake taratibu, akapangusa midomo.

"Redio."

"Naam, Mnyapara."

"Yule wa sweta la kijani amenipa shikamoo mara tatu. Na mara zote alikuwa anashuka mlima anahema kuliko mimi ninayepanda."

Nikatazama miti.

"Njia ni nzuri," akasema. "Ila kona ya chini ya mwamba togwa imemwagika kidogo. Bomoa."

Wiki iliyofuata nikaibomoa nikaichimba upya, na ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Mnyapara aliishi akiutazama mlima mlangoni kwake kwa amani, na tulipomzika, wale vibarua wote walikuja, na wa sweta la kijani alilia kuliko wanawe.

Mimi sasa ni mzee wa nyumbani. Nafuga kuku, nagombana na redio ya kweli, na nikipata nafasi napanda Matogoro. Siku hizi kuna waongoza wageni, vijana wenye kofia na chupa za maji, na njia inapendeza. Yapo mambo nawasihi msiyaache, hata simu zenu zikisema vingine: pandeni mkiongea, jazeni bakuli, na msiruhusu mtu avunje vituo vya salamu ili apate njia ya pikipiki.

Juzi nilikuwa napanda peke yangu, nimejitahidi kusimulia njia nzima, na kwenye kona ile niliyoibomoa sentensi ikanikatikia. Pale pale akatokea binti mmoja mwongoza wageni, anashuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Nilikuwa nimeshamwitikia kwenye kona mbili za chini. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi, na soksi zake zimejaa nyasi za njia ya wakata kuni. Nikakaa kwenye jiwe bapa, nikampisha nafasi pembeni yangu, nikamuuliza yeye ni wa kwa nani. Akanieleza baba, akanieleza babu, nikauliza na shangazi wote mmoja mmoja, mpaka pumzi zetu sote wawili zikarudi.