Maneno Yaliyokwenda Mashine

Shangazi yangu wa Kihesa, Iringa, hanuni kwa kelele. Anasimama tu. Siku kikundi chao cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kilipowekewa programu yangu, alisimama mbele ya kompyuta, akaona "Welcome", akakataa kiti.

"Kama Kihehe chetu hakifai, mngesema," aliniambia kwenye simu. "Nimehangaika na maneno yenu bure."

Iliniuma. Programu ya kupokea maziwa niliiandika mimi, huku Uyole, lakini Kihehe chote kilikuwa chake, na maneno mengine aliyabishania na mashoga zake kanisani. Yalikuwemo. Ila kompyuta haisomi tafsiri jinsi mtu alivyoiandika. Lazima faili ligeuzwe kwanza liwe katika umbo inalolielewa, na hatua hiyo tulikuwa tukiifanya kwa mkono. Mwenzangu wa kazini aliyelifunga toleo la Iringa, yaani aliyelikusanya liwe tayari kutumika, akaisahau.

"Shangazi, hayajakataliwa. Ni kama mahindi ambayo hayajasagwa."

"Kumbe hayajaenda mashine?"

"Hayajaenda."

"Basi yapeleke."

Kazini walitaka tubandike karatasi ukutani ya kukumbushana. Nikakataa katakata. Kazi inayotegemea kukumbukwa itasahaulika tu, na sikuwa tayari shangazi asimame mara ya pili. Nikaandika kiongezeo cha kile chombo kinachotufungia programu: ukikiamuru kifunge, chenyewe kinazitafuta tafsiri zote na kuzigeuza, na kikikuta moja imeharibika, kinagoma. Kukiandika hakukunisumbua. Kukifanya kifurushi ambacho mwenzangu yeyote angekiweka kwa amri moja ndiko kulikonitoa jasho, maana mwanzoni kilikubali kwenye kompyuta yangu tu. Kwingine kilidai vipande vya programu ambavyo sikuvitaja ndani yake. Nikavitaja, nikakijaribu kwenye kompyuta tupu, kikaitika. Kazi yangu naijua. Nilimwambia mwenzangu alifunge toleo upya, na sikumpa maelekezo mengine yoyote.

Iringa nilikwenda mwenyewe. Shangazi alikuwa amesimama palepale, mikono ndani ya kitenge, wanakikundi wenzake wakimtazama yeye kuliko kompyuta. Nikawasha. Ile "Welcome" haikuwepo. Mahali pake palikuwa na salamu aliyoiandika yeye: Kamwene.

"Kamwene," akaijibu kwa sauti, kama anavyomjibu jirani mlangoni. Kisha akavuta kiti, akakaa.