Kamba ya Babu na Umbali wa Mwezi

Jumatano iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule, hapa Kasulu mjini, na swali la kazi ya nyumbani: zingehitajika rula ngapi kama yako kufika mwezini? Akachukua simu yangu, akaiuliza, na jibu likaja kabla sijamaliza kukatia kitunguu. Akaandika, akaenda kucheza. Mimi nikabaki na kisu mkononi. Swali la namna hiyo nililijibu nikiwa na umri kama wake, na kwa jibu langu aliumia mtu asiye na kosa lolote.

Nililelewa na bibi, kijijini Kitanga. Kama umekulia huku kwetu juu, huhitaji kuelezwa asubuhi zake: ukungu umelala migombani, uwanja unangoja ufagio, maharage ya jana yanapashwa moto kwa mawese. Viberiti tulivihesabu njiti. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenda na kigae kwa jirani, nisalimie "mwakeye", niombe kaa la moto. Siku nyingine mtoto wake ndiye aliyekuja kwetu. Aliyewahi kuamka ndiye aliyekuwa na moto.

Jirani huyo alikuja kutoka Burundi, mtoto mgongoni na sufuria moja kichwani. Babu, mimi nikiwa sijazaliwa, alimkatia kipande cha shamba letu, upana wa kamba ishirini. Kamba yenyewe ilikuwa ya mkonge, yenye fundo kila mwisho, na urefu wake ulikuwa babu mwenyewe, tangu kisigino hadi ncha za vidole akiwa ameinua mkono juu. Alipofariki, bibi aliitundika juu ya mafiga, ikawa nyeusi kwa moshi. Hakuna aliyeruhusiwa kuichezea. "Huyo ni mzee," alikuwa akisema, na wala hakuwa anatania.

Nilipofika darasa la sita tulipata mwalimu wa hesabu aliyependa vituko. Alituandikia ubaoni kwamba mwezi uko kilomita laki tatu na themanini na nne elfu, kisha akasema hizo ni namba za kitabuni, yeye anataka umbali huo kwa vipimo vya majumbani kwetu. Mmoja akaja na mwiko, mwingine na mkanda wa baba yake, mwingine na fimbo ya kuchungia. Mimi nikaiiba kamba ya babu, nikaizungusha kiunoni ndani ya sweta. Tuliipima kwa rula kubwa ya mbao ya mwalimu: mita mbili na sentimita ishirini.

Jioni nikagawanya. Ikaja milioni mia moja sabini na nne na ushee, halafu nukta, halafu tano, nne, tano, nne, tano, nne, mpaka ukingo wa daftari. Nikafuta, nikarudia, ikawa yale yale. Wa mwiko alikuwa ameshapata jibu lake safi, na mimi ndiye niliyezoea kuongoza darasa. Nilikuwa na kiburi, nakwambia ukweli. Nikapima mita mbili kamili, nikaacha kidogo ya kufungia fundo, nikakata kwa kisu cha kumenyea muhogo. Fundo jipya nikalisugua masizi. Hapo hesabu ikanyooka: kamba milioni mia moja tisini na mbili. Kesho yake darasa zima lilinipigia makofi, na jioni nikairudisha kamba juu ya mafiga.

Kilibaki kipande cha shubiri moja hivi, kikiwa na fundo la babu. Wiki hiyo jirani alikuwa ametusaidia kupura maharage, na bibi akanituma nimpelekee mfuko wa shukrani. Niliufunga mdomo kwa kipande kile. Nilijiona mjanja, kwa kuwa kimetoka nyumbani na hakuna atakayekiona.

Mvua za kwanza zilipokaribia, bibi alitaka kupanda upya minyaa ya mpakani, maana ile ya zamani iliungua kiangazi. Akaishusha kamba tupime upya kile kipande cha jirani. Mimi nilishika ncha moja, yeye nyingine, jirani akatufuata akihesabu kwa sauti. Ishirini ikapita. Ishirini na moja. Kamba ishirini na mbili. Bibi akarudia mara tatu.

"Umesogea, mdogo wangu," alisema.

"Mimi, mama? Mimi huyu nisogeze mpaka wa mzee?"

"Kamba ya mzee haijawahi kunidanganya."

Jirani alilitazama fundo mkononi mwangu, kisha akanitazama usoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikalifumba fundo kiganjani. Yeye akainamisha kichwa. "Ziwe ishirini, mama. Panda minyaa yako."

Muhogo wake uliokuwa kwenye kamba zile mbili ulibaki kwetu, na tuliula. Sikuwahi kula ugali mgumu kumeza kama ule. Bibi aliacha kumwita "mdogo wangu", akawa anamwita "yule Mrundi", na kiberiti kikaanza kununuliwa nyumbani. Kila alfajiri nilikuwa nikiuona moshi wa jirani, nikageuza uso. Siku ya msiba wa bibi, jirani alisimama kando ya barabara mpaka tulipomaliza kuzika, akaondoka bila kula. Hata siku hiyo sikusema.

Basi Jumamosi hii, baada ya lile swali la binti yangu, nikapanda bodaboda kwenda Kitanga. Migomba ipo, lakini minyaa imekwisha. Siku hizi mpaka una vigingi vya saruji. Hakuna mtoto niliyemwona na kigae. Kamba sijui iliishia wapi, pengine ilifagiwa na takataka tulipokuwa tunagawana vyombo vya marehemu. Jirani nilimkuta barazani anachambua maharage, macho yamefifia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si yule wa hesabu?"

Nikapiga magoti, nikamwambia yote. Aliendelea kuchambua.

"Nilijua, mwanangu. Nilijua tangu ule mfuko. Fundo la mzee ningelikosaje, na yeye ndiye aliyenipimia?"

"Mbona hukumwonyesha bibi?"

"Bibi yako angekuua kwa fimbo. Kile kipande nilikitia jikoni, kikaungua." Alipuliza maganda sinia likawa safi. "Nilisema hasira zake zitapoa tu. Hazikupoa."

Nililia, tena kwa sauti, mtu mzima mimi. Aliniacha nilie. Baadaye akaniuliza kama kweli kule mwezini nilifika, ni kamba ngapi. Nikamwambia milioni mia moja tisini na mbili.

"Kwa ile uliyokata. Na ile nzima ya mzee?"

"Ile nzima, mama, hesabu yake ilikuwa haiishi. Kila nikigawanya inabaki."

Akanisogezea sinia nimsaidie kuchambua.

"Basi ungeiacha ibaki," alisema.