Mto uliokauka ndani ya kompyuta ya Kilosa

Saa nne asubuhi umeme unarudi Kilosa, na feni ya ofisi ya mradi wa maji inaanza kulia. Kondo Mkwama anapangusa vumbi kwenye bahasha ya disketi kwa pindo la shati, anaichomoa disketi na kuisukuma ndani ya kompyuta. Kisha anakaa, mikono mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari.

"Leo itakubali?" anauliza Hildegarda, mpiga chapa wa ofisi.

"Usiiulize. Ukiihimiza inanuna."

"Na shemeji akinuna, unamkalia kimya hivyo hivyo?"

"Shemeji yako hajawahi kuninunia mwezi mzima."

Ni Februari 1985 na masika yanakaribia. Kondo anataka kujua jambo moja kabla mvua hazijaanza: mto ukijaa, maji yatafika nyumba za Tindiga? Mama yake, Mwanakheri, anaishi huko. Alihamishiwa bondeni kwa lori, wakati watu walipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa, na nyumba yake iko safu ya karibu kabisa na mto.

Kompyuta hiyo ililetwa na wataalamu wa kigeni. Walimkuta Kondo akisoma kipimo cha maji mtoni, wakamfundisha kuitumia. Mradi ulipokwisha wakaondoka, wakamwachia mashine pamoja na mfasiri wake, yaani programu inayogeuza maagizo ya binadamu kuwa maagizo ambayo mashine inaweza kuyafuata.

Mwaka jana mmoja wao alimtumia kwa posta maktaba ya programu: hesabu za mvua na mito zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, tayari kutumika.

"Nilifurahi nikawaambia mpaka majirani," anasema Kondo. "Kumbe ilikuwa imeandikwa kwa wafasiri wa siku hizi. Wangu ni mzee. Alisoma mstari wa kwanza, akagoma."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Maktaba nzima haikuenea kwenye kumbukumbu ya mashine, kwa hiyo alitoa hesabu za mafuriko peke yake. Kila agizo ambalo mfasiri hakulijua, Kondo aliliandika upya kwa namna ya zamani. Umeme ukikatika katikati, alianza tena.

Mwezi uliopita mfasiri alipokea yote bila kulalamika. Kondo akajaribu kwa mvua za mwaka ambao maji yaliingia kwa mama yake hadi dirishani, mbuzi wote wakachukuliwa. Mashine ikajibu kwamba mto ulikuwa chini ya sifuri.

Hildegarda alichungulia kioo. "Kwa hiyo mwaka ule mto ulikuwa unapanda mlima kwenda Vidunda?"

Kondo hakucheka. Aliingiza mvua kidogo, jibu likawa sahihi. Akaongeza, akaongeza, mpaka mto ukafika lita 32,767 kwa sekunde. Lita moja zaidi, na mto ukageuka hasi.

"Mfasiri mzee ana kibaba kidogo cha kuwekea namba," anaeleza. "Kikijaa, hakimwagiki. Kinaanza kuhesabu kutoka chini ya sifuri. Yaani mafuriko yakiwa makubwa, yeye anaona ukame. Na hasemi kitu."

Tangu siku hiyo amekuwa akipitia mstari kwa mstari, akibadilisha vibaba vidogo kwa vikubwa.

Mchana mashine inamaliza kufasiri. Kondo anaingiza tena mvua za mwaka ule, na maji yanapanda hadi dirishani. Anaingiza mvua nzito kuliko zile, ya aina ambayo wazee wanasema iliwahi kunyesha kabla ya reli kujengwa. Anasoma jibu, kisha anazima kioo.

"Imekubali?" anauliza Hildegarda.

"Imekubali."

Jumamosi yuko Tindiga, kipande cha chaki mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hukai?"

Anachora mstari ukutani, juu ya kitanda, juu ya dirisha, karibu na paa. Anamweleza kwamba mvua kubwa ikija, maji yatafika hapo. Mjomba huko Vidunda ana chumba, angeweza kuhamia huko kabla ya Machi kwisha.

Mwanakheri anautazama mstari. "Lori lilinihamisha mara moja. Sasa nihamishwe na redio yako?"

"Si redio, mama."

"Inazungumza na wewe peke yako. Kaa ule."

Njiani kurudi, mawingu yamejikusanya juu ya milima. "Nimehangaika miezi yote hii ili isikosee," anajisemea Kondo. "Sasa kila nikisikia radi naomba iwe imekosea."

Jumamosi inayofuata anakuta mama yake amekandika ukuta upya kwa udongo. Mstari hauonekani. Kondo anamwamkia, anapanda juu ya kitanda, anapima tena kutoka sakafuni, na kuuchora pale pale. Anasema atakuwa anakuja kila wiki, mpaka mvua zianze au mama achoke kukandika.